Kope zinapogeuka: kisu cha asubuhi, nyumbani jioni

(Maelezo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji uliyekosa kipindi ukaona afadhali ununue gazeti, juma hili nataka tuzungumze juu ya kisu. Sisemi kisu cha mchinjaji wa pale soko la Majengo. Nasema kisu cha tabibu, kile kinachokukata asubuhi, na jioni ukawa umekaa nyumbani kwako unakunywa uji. Wengi wetu tukisikia neno upasuaji tunaona wodi, chupa za maji zinazoning'inia, na ndugu waliolala kwenye mikeka nje ya hospitali. Lakini upo upasuaji mwingi usiokuwa na kulazwa: uvimbe wa ngozi, busha, ngiri isiyo kubwa, gego lililogoma kutoka. Na upo huu nitakaoueleza leo, ambao kwetu Kanda ya Kati una historia ndefu, yaani upasuaji wa kope zilizogeukia ndani ya jicho.

Nitaueleza kwa kisa cha shangazi yangu. Ruhusa amenipa, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kijiji chake, "maana na mimi nina watu wanaonijua," alisema. Basi na tuseme tu kwamba ni wilaya ya Kongwa, ukishakunja kona ya Mbande ukaiacha barabara kuu ya Morogoro.

Mwaka jana mwezi wa Mei nilikwenda kumjulia hali. Tukaamkiana, mbukwa kwa mbukwa, nikakaa kwenye kigoda. Mara akafungua pindo la kanga yake, akatoa kibano cha bati, akamwita mjukuu wake wa miaka tisa. Mtoto akamshika bibi yake paji la uso kama fundi aliyeizoea kazi, akaanza kung'oa kope moja moja. Bibi machozi yanamtoka, hasemi neno. Nikamwuliza tangu lini. Akanijibu tangu mama wa mtoto yule hajaolewa. Kila baada ya siku chache, kwa muda wa miaka hiyo yote, anang'olewa kope, na kope zinaota tena.

"Ni mtoto wa jicho huyu," akaniambia. Nami, nikiri tu, mtu wa redio niliyesoma vipeperushi vya afya mpaka nikachoka, nilitaka kumkubalia.

Hapa ndipo watu wengi tunapopotea, mjini na vijijini. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyopata ukungu. Hauumi, na unapofanyiwa upasuaji, aghalabu uwezo wa kuona hurudi. Maradhi ya shangazi ni mengine kabisa. Ni mwisho wa safari ya trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Husababishwa na kijidudu kiitwacho klamidia trakomatisi, ambacho hukaa kwenye majimaji ya macho na pua za watoto, kikahama kwa vidole, kwa pindo la kanga ambalo mama humfutia huyu kisha yule, na kwa nzi. Mtoto huugua, akapona, akaugua tena, pengine mara nyingi sana kabla hajafika utu uzima. Kila mara upande wa ndani wa kifuniko cha juu cha jicho huachiwa kovu dogo. Makovu yakishakuwa mengi hujikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani, yakavuta ukingo wa kifuniko kuelekea ndani, na kope zikafuata. Tangu hapo kila unapopepesa jicho, kope zinapiga mswaki kwenye kioo cha mbele cha jicho. Kioo kikikwaruzwa miaka hugeuka cheupe, na cheupe hicho hakifutiki.

Ndiyo maana mgonjwa unayemwona leo ana miaka hamsini au sitini, na ugonjwa wenyewe aliupata akiwa mtoto anayetambaa. Na ndiyo maana ni mwanamke. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa trakoma hadi mara nne kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto, na watoto ndio wenye kijidudu.

Kongwa wazee wanaikumbuka kwa karanga za Waingereza, ule mradi wa kuanzia 1947 ulioanguka baada ya miaka michache na kuacha vyuma porini. Wataalamu wa macho wa dunia wanaijua kwa jambo lingine. Tangu katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakifanya kazi katika vijiji vya wilaya hiyo, na walipoanza walikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana trakoma. Utafiti wa vijiji sita uliotangazwa mwaka 1995, wa kuona kama kumwosha mtoto uso kunaongeza kitu juu ya dawa peke yake, ulifanyika huko huko, na jibu lilikuwa kwamba watoto wenye nyuso safi hawakuugua ule ugonjwa mkali kwa kiasi kile cha wenzao. Kwa hiyo anaposikia mama wa Malawi au wa Mali kwamba amwoshe mtoto uso, sehemu ya ushahidi ilitoka kwa mama wa Kigogo, mwenye ndoo moja ya maji kwa siku.

Watafiti hao hao, katika miaka ya 1990, walikutana na jambo lililowashangaza. Wanawake wenye kope zilizogeuka walielezwa kwamba upasuaji upo. Miaka ikapita, na wengi wao hawakwenda. Walipoulizwa, wengine walisema hawana nauli, wengine hawana wa kuwasindikiza, wengine nyumba itabaki na nani.

Nami nilipomwambia shangazi kwamba tutakwenda hospitali, alianza na visingizio vya kawaida. Kwamba amesikia wanalitoa jicho, wanaliweka shavuni, wanaliosha, kisha wanalirudisha. (Maneno haya nimeyasikia hata hapa mjini, kwa mtu aliyevaa tai.) Nikamwambia la hasha, jicho haliguswi, kinachokatwa ni kifuniko tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema lile la moyoni: "Mwanangu, nikifungwa jicho wiki mbili, maji atachota nani?"

Ndugu msikilizaji, hapo sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kujibu juu ya kisu, naye alikuwa anauliza juu ya ndoo.

Basi tuanze na maandalizi, na la kwanza katika maandalizi si dawa. Ni kukaa chini na kuhesabu kazi za huyo mgonjwa: nani atachota maji, nani atasaga, nani atapika, nani atafungulia mbuzi. Kwa upasuaji huu mtu asibebe ndoo kichwani wala kuinama kwenye moshi wa mafiga kwa muda usiopungua wiki moja, na mbili ni bora. Sisi tulimpata kijana mwenye baiskeli akaleta madumu mawili kila asubuhi kwa siku kumi na nne, na wifi yake akakubali kupika. Malipo ya kijana yule hayakufika nauli yangu ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Miaka yote hiyo, jicho la mtu lilikuwa linasubiri fedha hiyo tu, na sisi watoto tulioko mjini tulikuwa tunatuma vitenge.

La pili, uliza kabla hujaondoka. Safari yetu ya kwanza ilipotea bure. Tulifika kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, tukaambiwa mhudumu anayeijua kazi hiyo yuko semina, turudi juma lijalo. Shangazi alirudi nyumbani amenuna, akasema Mungu amemwonyesha. Ilinichukua miezi miwili kumshawishi tena. Siku hizi simu iko mkononi, kwa hiyo piga. Uliza siku gani wanafanya, kama mwenye ujuzi yupo, kama vifaa na nyuzi vipo, na kama kuna malipo. Kwa upasuaji wa vikope mara nyingi matibabu hutolewa bure kwenye kambi za macho zinazofika hadi zahanati za kata, na anayefanya si lazima awe daktari bingwa. Wauguzi na matabibu waliofundishwa kazi hii maalumu huifanya vizuri, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Hospitali za mkoa wetu zenye idara ya macho, kama ile ya Mvumi, zimezoea kupokea wagonjwa hawa.

La tatu ni tumbo, nalo nalisema kwa mkazo kwa sababu linachanganya watu. Upasuaji wa kutumia ganzi, yaani sindano ya kufisha mahali pamoja tu, kwa kawaida hautaki ufunge kula. Kula uji wako. Upasuaji wa kutumia dawa ya usingizi ni habari nyingine: huko utaambiwa usile chakula saa sita kabla, na maji matupu uyaache saa mbili kabla, kwa kuwa ukiwa usingizini chakula chaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, na hilo linaua. Shangazi majirani walimwambia asile, naye hakula tangu jana yake. Alipofika alikuwa anatetemeka. Juu ya hayo alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha, akidhani vinagombana na sindano. Presha ilipopimwa ikawa juu, tukawekwa benchi mpaka saa sita mchana, baada ya chai ya sukari na kidonge chake. Kwa hiyo dawa zako za kila siku usiziache kwa kubuni. Ziweke kwenye mfuko, nenda nazo, na uulize mapema, hasa kama unatumia dawa za kisukari au za kufanya damu iwe nyepesi. Waeleze pia kama uliwahi kudhurika na sindano au dawa yoyote.

Mengine ni mepesi. Oga, osha nywele na uso kwa sabuni, usipake wanja wala mafuta usoni. Vaa nguo yenye vifungo mbele, isiyovuliwa kupitia kichwani. Nenda na mtu mzima wa kukushika mkono, si mtoto.

Sasa kazi yenyewe. Shangazi alilazwa chali kwenye meza, uso ukasafishwa kwa dawa ya iodini, ukafunikwa kitambaa chenye tundu. Ikaja sindano ya ganzi kwenye kifuniko. Hiyo ndiyo sehemu inayouma, na shangazi aliipa sifa yake: "Kama nge, ila nge wa kwetu uchungu wake hulala na wewe, huu ulikwisha kabla sijamaliza kulia." Baada ya hapo mtu husikia kuvutwa na kuguswa, hasikii maumivu, na akisikia aseme, aongezewe. Mpasuaji hukata kifuniko kwa mstari ulio sambamba na ukingo wenye kope, milimita chache juu yake, kisha hushona kwa namna ya kuukunja ukingo ule utazame nje. Nyuzi kama tatu hivi. Njia hii ilipimwa na njia nyingine katika utafiti uliofanyika Oman, matokeo yake ya mwisho yakatangazwa mwaka 1992, nayo ikaenea duniani. Oman yenyewe ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Nilihesabu kwa saa yangu. Hazikufika dakika thelathini. Wangeweza kufanya macho yote mawili siku hiyo, lakini shangazi alikataa katakata, akasema jicho moja libaki linalinda mlango.

Akapakwa mafuta ya jicho ya tetrasaiklini, jicho likafunikwa kwa pamba na plasta, akapewa vidonge vya azithromaisini ameze pale pale. Dawa hiyo ya mara moja inasaidia kope zisirudi, kama utafiti wa Ethiopia uliotangazwa mwaka 2006 ulivyoonyesha. Ndiyo hiyo hiyo inayogawiwa vijijini kupambana na ugonjwa wenyewe, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea kama msaada, kuanzia mwaka 1999.

Sasa nakuomba usichoke, kwa kuwa watu huona safari imekwisha mtu akishashuka mezani, kumbe kazi ya ndugu ndipo inaanza.

Usiku wa kwanza ganzi huisha, na mahali pale hupwita. Shangazi alipewa parasetamoli, akameza kwa saa zilizoandikwa. Aspirini usiitumie bila kuuliza, maana huongeza kutoka damu. Nililala kwake usiku ule kwenye tembe, na kila nilipogeuka nilimkuta ameketi. Hakuwa na maumivu makali. Alikuwa anaogopa kwamba akilala atalikuna jicho. Wapo wanaomfunga mgonjwa kitambaa laini mkononi ili kumkumbusha, na asubuhi yake tulifanya hivyo.

Siku ya pili hurudi kituoni, pamba ikaondolewa, mhudumu akaangalia. Usiikose siku hii hata kama unajisikia nafuu. Kifuniko kitakuwa kimevimba na kuwa cheusi kama mtu aliyepigwa ngumi kilabuni, na hilo si jambo la kutisha, hupungua siku hadi siku. Uso ufutwe kwa kitambaa safi kilichochemshwa, cha mgonjwa peke yake, na kidonda kisilowe. Mafuta ya jicho yapakwe kwa mikono iliyooshwa, kwa idadi ya siku mlizoambiwa. Asikae kwenye moshi. Na kama ni miezi yetu ya upepo, Julai na Agosti, vumbi la Dodoma likiwa limepanda mpaka huoni nyumba ya pili, akae ndani au avae miwani na mtandio.

Na tafadhali, kisiingizwe kitu kingine chochote jichoni. Si utomvu wa majani, si maziwa ya mama, si maji ya mtu mwema. Siku ya nne jirani mmoja alikuja na kikombe kilichofunikwa. Sikuuliza ndani kuna nini. Nilimpokea kwa heshima, nikakiweka juu ya kichanja, nacho kilikaa huko mpaka kikakauka.

Kuna dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, homa, kuona kunakofifia kuliko kabla ya kupasuliwa, jicho lisilofumba, au damu isiyokoma hata ukiibana kwa kitambaa safi kwa dakika kumi. Mojawapo ikitokea, ni siku hiyo hiyo kituoni, kwa pikipiki au kwa mkokoteni wa punda. Na dalili hizi ukiacha lile la jicho, zinafaa kwa kidonda chochote cha upasuaji wa kurudi nyumbani.

Nyuzi za shangazi zilitolewa siku ya kumi. Zipo zinazoyeyuka zenyewe, lakini za kwake zilikuwa za kutolewa. Mhudumu akamwambia maneno mawili ambayo nilifurahi yalisemwa waziwazi. La kwanza, kwamba upasuaji haukuondoa lile kovu jeupe kwenye kioo, kwa hiyo ukungu aliokuwa nao utabaki. Ulichofanya ni kuzuia usizidi. La pili, kwamba kope zaweza kurudi. Katika tafiti mbalimbali zilirudi kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi katika mwaka mmoja au miwili, na mahali pengine zaidi ya hapo sana. Kwa hiyo arudi kuangaliwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na akisikia tena kitu kinachoma, asitafute kibano, aje.

Shangazi hakulipenda lile la kwanza. Tulipokuwa njiani alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ningekuja zamani ningekuwa nakuona vizuri." Sikumjibu.

Nimalizie kwa yule mjukuu fundi wa kibano. Kwa kuwa mhudumu alikuwa na muda, alimgeuza na yeye vifuniko vya macho, na mdogo wake. Mdogo alikutwa na vikope. Akapewa dawa, na nyumbani tukatundika kibuyu chirizi kwenye mti karibu na choo, dumu la lita tano lenye tundu na kamba ya kukanyagia. Maji yake kidogo yanatosha nyuso za watoto wote wa nyumba ile asubuhi, na yanayodondoka yanakwenda kwenye mche wa mpapai. Choo nacho kina sehemu yake, kwa sababu nzi anayependa macho ya watoto huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi. Ili nchi itangazwe imeshinda, wagonjwa wa kope zilizogeuka wasiojulikana kwa wahudumu wa afya hawatakiwi kufika wawili kati ya kila watu 1,000 wenye miaka 15 na zaidi. Jirani zetu wa Malawi walifika huko mwaka 2022.

Jicho la kushoto la shangazi tumelipangia mwezi wa Juni, baada ya kuvuna uwele. Safari hii amekubali mwenyewe, na kijana wa baiskeli ameshaambiwa. Kibano amenipa mimi nikihifadhi, ingawa wifi yake anasema kipo kingine.